Muhtasari kwa Mwandiko Mzuri

Mama yangu hupenda kuwaambia wageni kwamba mwanawe anakijua kisiwa chote cha Mafia, kuanzia mlango wa mbele mpaka mlango wa uani. Sibishi. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko barazani kwangu Miburani, wateja wanakuja wenyewe, na jambo lolote la Kilindoni likinitaka linaijua nyumba. Bahari naiheshimu kwa mbali. Nikipanda chombo natapika kabla kamba haijafunguliwa. Siku moja nilitapika nikiwa bado nimesimama gatini nawaaga watu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya watumiaji wa kivuko. Msicheke peke yenu, mtaa mzima ulicheka. Sababu ilikuwa moja tu: nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ni mzuri.

"Huyu hata akiandika orodha ya vitunguu utadhani cheti cha ndoa," alisema mwenyekiti wetu, mvuvi aliyestaafu mgongo ulipomkataa. Wakapiga makofi, nami nikajiona mtu.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe. Kwa hiyo nitaanza na lango.

Kivuko cha kwenda bara ni cha serikali, kinaendeshwa na wakala wake. Mbele kina lango la chuma linaloshushwa magari yapite na kunyanyuliwa safari ikianza. Kinacholinyanyua ni pampu. Pampu ikichoka lango linabaki limelala, na lango likilala kivuko hakiendi popote, hata kama injini inanguruma na nahodha ameshavaa kofia yake. Zamani pampu ikikorofisha, msimamizi wa kituo alichukua sehemu ya nauli za siku ile, akamtuma mtu bara, kipuri kikaja, basi. Kisha ikapitishwa sheria. Nauli yote, mpaka ya mbuzi, ikawa inapanda siku hiyohiyo kwenda kwenye mfuko mkuu wa serikali, na kituo kikitaka hata nati ya kufungia bomba kiombe kwenye bajeti. Hapo nikajifunza maneno matatu ambayo shuleni hawakutufundisha: fedha zimetengwa, fedha zimepitishwa, fedha zimetoka. Mimi nilidhani ni kitu kimoja. Kumbe kati ya la pili na la tatu mwanamke anaweza kubeba mimba, kuzaa na kumwachisha mtoto ziwa.

Sheria ileile ilisema pia kwamba abiria wasipandishwe kwenye chombo chochote kisicho na cheti cha kubeba watu. Hilo silipingi. Nimepotelewa baharini na jamaa ambao hatukupata hata mwili wa kuzika. Lakini mashua za mbao zilizokuwa zikituvusha tangu babu zetu zote zilikosa cheti, zikabaki za nazi na mkaa. Tukaachiwa njia moja. Sasa mtu akikufungia mlango wa uani, si aangalie basi ule wa mbele usikwame?

Kabla kanuni za sheria ile hazijaanza kutumika, walikuja wageni watatu kukusanya maoni ya wananchi. Walikuja kwa ndege asubuhi na walipanga kuondoka kwa ndege mchana. Hilo la mchana tulilijua tukiwa tumeshachelewa.

Hapa kwetu mgeni hapokelewi na shida. Ukifika nyumba ya mtu ukauliza hali, hata kama ndani kuna maiti, utajibiwa njema, alhamdulillahi. Utakaribishwa, utakula, utanawa, kahawa itapita, na hapo ndipo mwenyeji atakusogelea na kusema: "Sasa bwana, mambo si mazuri." Yale ya mwanzo si uongo, ni heshima. Kila mtu anajua kwamba mazungumzo yenyewe huanza baada ya kahawa. Kila mtu, isipokuwa watu wenye ndege ya saa nane.

Kiongozi wao alikuwa kijana wa suti, mpole, mwenye meno meupe. Tulikaa kwenye ukumbi wa shule. Akauliza huduma ya kivuko tunaionaje.

"Tunashukuru," akasema mwenyekiti. Ndani ya mfuko wa kanzu yake kulikuwa na karatasi yenye malalamiko yetu yote, niliiandika mimi, kuanzia pampu mpaka choo.

"Na mapendekezo haya ya kanuni?"

"Serikali ni mzazi wetu."

Makofi. Mama yangu, aliyekuwa amekaa kulia kwangu, akanifinya paja. "Mbona hamsemi lango?"

"Baada ya kula, mama."

"Na wakienda?"

"Mgeni gani anakula akaenda?"

Walikula wakaenda. Walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakausifu, wakanawa, wakatazama saa. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inatokota. Kijana wa suti akasimama, akasema tumewakarimu sana na hatausahau ukarimu huu, ila ndege haimngoji mtu. Mwenyekiti alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Aliutoa mtupu, akampa yule kijana mkono wa kumuaga.

Kijana akanijia mimi kuchukua muhtasari wa kikao. Akautazama. "Katibu, una mwandiko mzuri sana," akasema. "Hebu malizia tu hapo chini, kwa utaratibu, kwamba wadau wanaridhika na huduma na hawakuwa na maoni zaidi."

Nikamalizia, kwa kalamu nyeusi. Nikapiga na mstari kwa rula.

Nataka ieleweke kwamba hakunilazimisha. Ningeweza kusema subiri. Nilikuwa nimesifiwa mwandiko, na mtu wa kukaa nyumbani hasifiwi mara nyingi.

Mwaka ule ndio mama alipoambiwa ana presha ya macho. Mama ni msukaji wa mikeka. Anasuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, huku anazungumza, anacheka, anasinzia, mikono haimhitaji. Macho anayahitaji kwa rangi tu, kujua chane ipi ya ukindu ni nyekundu na ipi zambarau. Alianza kulalamika kwamba mtu akimjia kutoka kushoto anamtokea ghafla kama jini. Tukaenda bara kwa kivuko, mimi na ndoo yangu. Daktari wa macho akamchunguza, akasema jicho la kulia bado liko vizuri, la kushoto lina hatari. Akatupa dawa ya matone na tarehe ya upasuaji. Kisha akanitazama mimi, si mama, akasema: "Matone yanachelewesha tu. Kwenye ugonjwa huu kinachoondoka hakirudi. Msikose tarehe."

Tarehe ile niliiandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo, herufi kubwa, kwa mwandiko mzuri.

Siku yenyewe tulifika gatini alfajiri. Mama alivaa buibui lake jipya nililomshonea kwa safari hiyo. Watu walikuwa wamejaa na mizigo yao, na kivuko kilikuwa kimefungwa palepale, lango limelala juu ya mchanga kama ulimi wa mbwa. Getini kulikuwa na karatasi.

"Imeandikwa nini?" mama akauliza.

"Kivuko kimesitishwa kwa ajili ya matengenezo, mpaka hapo mtakapotangaziwa."

Akakaa juu ya begi lake. "Na jicho langu nalitangazia nini?"

Msimamizi wa kituo akatoka ofisini kwake akiwa amekunja mikono ya shati, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lango limelala?"

"Limelala, mama."

"Liamshe."

"Pampu imekufa. Ninayo barua niliyoomba mpya kabla hii haijafa. Niliomba tena. Fedha zimepitishwa."

"Zimetoka?" nikauliza mimi, msomi wa maneno matatu.

"Katibu, nawe usinichokoze."

Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mashua inapakia nazi za kupeleka bara. Nahodha wake namfahamu, suruali zake zote nimezitia viraka mimi. Nikamwomba amchukue mama. Akashika kiuno, akatazama huku na huku.

"Fundi, mama yako ningembeba hata mgongoni. Lakini nikikamatwa na abiria, chombo kinazuiliwa na mimi ndani. Nikipakia nazi, mimi mfanyabiashara. Nikipakia mama mmoja, mhalifu."

"Basi niandike nazi," akasema mama.

"Nazi ina macho matatu, mama. Watakugundua."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na njia nzima ya kurudi Miburani akawa anairudia: nazi ina macho matatu. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama jinsi anavyogeuza shingo yote kushoto kila pikipiki ilipotupita, ili aione.

Ndege ipo, ndiyo, ile inayoleta watalii kuja kuogelea na papa potwe. Nilikwenda kuuliza nauli ya watu wawili, nikarudi kwenye cherehani yangu. Ningeshona sare za shule zote kuanzia hapa mpaka Kanga, na bado ningebaki nje ya uwanja naipungia mkono. Nikapiga simu hospitali, wakanipa tarehe nyingine. Kivuko hakijatangazwa. Nikapiga tena. Yule dada wa mapokezi akaanza kunitambua kwa sauti. "Nyie wa kisiwani?" anasema. "Bado?" Bado. Matone yalipokwisha tulimtumia fedha mtu bara, akayanunua, yakaja kwa mashua ya nazi, maana dawa haihitaji cheti cha abiria. Daktari aliyeyaandika hakuweza kuja, mgonjwa hakuweza kwenda, chupa ilipita.

Miezi ile mama alikuwa anasuka mkeka mmoja. Ninao mpaka leo. Ukiutandaza unaona kila kitu: ukili wa mwanzo, nyekundu na zambarau zimekwenda sambamba kama mistari ya daftari. Katikati, chane moja ya zambarau imeingia kwenye nyekundu. Kisha mbili. Karibu na mwisho rangi zimechanganyika, kisha zimenyooka tena, kwa sababu alianza kuniita nimchagulie chane.

"Hii ipi?"

"Nyekundu, mama."

"Na hii?"

"Nyekundu vilevile."

"Mbona umenipa nyekundu mbili?"

"Umezichukua mwenyewe, mama."

Akairudisha moja chini. Kisha akasema, "Angalia usije ukawa huoni wewe."

Siku hiyo nilitoka nyumbani bila kuitwa na mtu, jambo ambalo jirani alilishangaa mpaka akauliza kama kuna msiba. Nilikwenda kwa msimamizi wa kituo kugomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yote makali. Nilipofika nikayamwaga, na yeye akayasikiliza mpaka mwisho akiwa ameweka mikono juu ya meza. Kisha akafungua kabati, akatoa faili.

"Soma," akasema. "Mimi nimechoka kusoma."

Kulikuwa na barua zake za kuomba pampu, moja nyuma ya nyingine, kila moja na adabu kuliko iliyotangulia. Mwisho kulikuwa na jibu kutoka juu. Lilisema, kwa Kiswahili cha suti, kwamba fedha zilizotoka hazikutosha vivuko vyote, hivyo zimepelekwa kwanza kule ambako wananchi walilalamika. Huku kwetu, likaendelea, wadau walipoulizwa walieleza kuridhika na huduma na hawakuwa na maoni zaidi. Tazama kiambatisho.

Nikafunua ukurasa wa nyuma. Kiambatisho kilikuwa mwandiko wangu. Nakala yake ilikuwa safi sana. Hata mstari wa rula ulionekana.

"Ni wako?" akauliza.

"Ni wangu."

"Mzuri," akasema, na hakuwa anatania.

Sijui kama mtu anaweza kukasirika namna ile mara mbili katika maisha. Wametunga sheria ya kuchukua kila shilingi ya lango, kwa sheria hiyohiyo wametufungia mashua, wamekuja kwa ndege kutuuliza tunajisikiaje, wamekula, na adabu yetu wameibeba kwenye mkoba wakaigeuza risiti. Tungemtukana yule kijana mlangoni tungepata pampu. Tulimpa kiti, tukakosa. Na aliyewaandikia ni nani? Ni mimi hapa, bwana baraza, aliyesifiwa mwandiko.

Nilimwambia mama usiku uleule, nikitegemea atanipiga na kipande cha ukili. Alisuka kwanza kama pima moja hivi.

"Nilikufinya," akasema.

"Ulinifinya."

"Siku nyingine nitang'ata."

Pampu ilikuja hatimaye. Mashua ya nazi ndiyo iliyoileta. Kivuko kikatangazwa, tukavuka, nikatapika safari nzima na mama ananishikia ndoo akiwaambia abiria wenzetu kwamba mimi ni kiongozi wa kamati. Daktari alikuwa yuleyule. Aliwasha taa yake ndogo, akatazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akarudia la kushoto. Akazima taa.

"Mbona mmechelewa hivi?"

Nikasikia mdomo wangu unafunguka wenyewe: "Alhamdulillahi, daktari, tumefika salama…"

"Mwambie," mama akanikata. Hakuinua sauti. "Amekuuliza kitu, mwambie."

Nikamwambia. Jicho la kulia, nalo lilikuwa limeshaanza, walilifanyia kazi likasalimika. La kushoto halikuwa na cha kufanyiwa.

Mwaka uliofuata tukaletewa taarifa kwamba wageni wanarudi, safari hii kukusanya maoni ya kurekebisha kanuni. Kamati ikakutana barazani kwangu. Nikasema safari hii tusipike mpaka tumeshasema. Mwenyekiti akashika ndevu.

"Mgeni hajanywa hata maji, unamtwisha shida? Watatuonaje?"

"Waone tu," akasema mama kutoka ndani. "Wao si wanaona?"

Wanawake wakaamua wenyewe: chakula kitapikwa, tena kizuri, lakini sufuria halitafunuliwa mpaka katibu ajaze karatasi.

Alikuja kijana wa suti yuleyule, tumbo limeanza kumtoka. Alisimama mbele yetu ukumbini, akatabasamu. "Habari za hapa, wazee wangu?"

Nakuapieni nililisikia neno "nzuri" linapanda kooni kwa watu ukumbi mzima. Nilikuwa nalo mimi pia. Mwenyekiti akakohoa, akakohoa tena, jasho linamtoka, akasema: "Si nzuri."

Sidhani kama aliwahi kumjibu mgeni hivyo tangu azaliwe. Alipokwisha kulisema akaikunjua ile karatasi yake ya zamani, iliyochakaa kwenye mikunjo, akaanza kusoma. Baada yake akasimama mwenye duka, akasimama mama wa mwani ambaye mzigo wake ulilala gatini, akasimama hata msimamizi wa kituo, ingawa alisema anasimama kama mkazi na si kama mtumishi. Mama alisema la mwisho. Alisema tarehe ya kwanza aliyopangiwa, tarehe ya siku tuliyovuka, na akasema katikati ya tarehe hizo kuna jicho. Akakaa.

Kijana akatazama saa.

"Chakula bado hakijaiva, baba," mama akamwambia. "Na hapa kwetu mgeni haondoki na njaa."

Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka kidogo, akabaki. Alipitia karatasi zangu. "Katibu, mwandiko umeharibika."

"Ndiyo, mkuu."

"Basi malizia hapo chini kwamba…"

"Bado hawajamaliza," nikasema. Nikafungua ukurasa mpya.

Sijui kitakachofanyika. Nauli za asubuhi ile zilikuwa zimeshapanda juu, na mpaka naandika haya sheria ni ileile, pampu ya akiba haipo, mashua bado ni za nazi. Tulichoweza ni kukubaliana kwamba kila aliyesema atie saini chini ya maneno yake, ili safari hii mtu asije akaridhika kwa niaba yetu. Nikapita na karatasi kwa kila mmoja. Nilipofika kwa mama nikaishika ubavuni mwake na kumpa kalamu, kwa mazoea, nikiwa nimesimama kushoto kwake kama siku ile aliponifinya.

Aliishika kalamu, akangoja.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, mama."

"Upande huo hakuna kitu, mwanangu," akasema. "Zunguka."

Nikazunguka.